Kibarazani kwa Shangazi: kwenu hasa ni wapi?

Toleo lililopita niliweka mstari mmoja tu chini kabisa ya ukurasa, nikauliza we unapaita nyumbani wapi na kwa nini, nikidhani ntapata majibu mawili matatu ya kuzibia nafasi. Jamani. Barua na meseji zimekuja mpaka simu ikagoma kufunguka, kutoka Mwandiga, Ujiji, Kaliua, Urambo, Ulyankulu, na mmoja huko Dar anayesema anasoma hili jarida kwenye daladala akienda kazini. Siwezi kuzijibu zote, nimechukua zile zilizonikalisha chini. Majina nimeyatoa maana najua huku kwetu mtu akiona jina tu kesho soko zima la Mwanga hapa Kigoma linajua.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni muuguzi, kwetu Tanga, nimepangiwa zahanati moja huku Kigoma vijijini, huu mwaka wa pili na miezi. Kazi haina shida na watu ni wazuri, wakikusalimia wanapiga makofi taratibu wameinama kidogo, siku ya kwanza nilidhani wananizomea kumbe ndo heshima yenyewe. Shida ni kwamba sijisikii niko kwangu. Nikifungua mdomo tu naulizwa "dada kwenu wapi?" Mboga ni mawese, harufu imeingia hadi kwenye mapazia, na mimi nimelelewa kwa nazi. Kila likizo nakimbilia Tanga, ila mara ya mwisho wadogo zangu wamenicheka eti naongea "nakujaga, nakulaga". Sasa huku mgeni, kule kichekesho. Inachukuaga muda gani mpaka mahali pakawa kwako? Au niombe tu uhamisho?*

Marahaba mwanangu, na umeona umeandika "inachukuaga" hata hujashtuka? Uhamisho usiombe kwanza.

Ngoja nikusimulie ya kwangu. Mi ni Mtabora, mtoto wa Ng'ambo, nimekuja Kigoma mwaka 1998 kwa treni nikimfuata mume. Kila mtu aliniambia utalipenda ziwa Tanganyika. Sikulipenda. Nimekulia kwenye mchanga na miembe, ardhi tambarare mpaka macho yachoke, alafu nafika hapa nyumba zimekaa mlimani kama zitateleza na mbele yako kuna maji ambayo kina chake kinakaribia kilomita moja na nusu, mume wangu ananiambia kwa majivuno eti la pili kwa kina duniani, mi nawaza tu mtu akidondoka humo anafika lini chini. Mwaka mzima wa kwanza, siku za treni nilikuwa natafuta sababu ya kwenda stesheni. Simpokei mtu. Nasimama tu naangalia watu wanashuka na madumu ya asali na mafurushi ya michembe, yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, nasikia Kinyamwezi kidogo, mtu akisema "mwangaluka" naitikia hata kama hakunisalimia mimi, alafu narudi nyumbani. Mume wangu hajajua hadi leo, labda asome hapa.

Sasa kilichobadilika sio ziwa. Pale sokoni Mwanga kulikuwa na mama mmoja anauza dagaa, namkopa mara mojamoja, na yeye anaandika kwenye daftari la mtoto wa darasa la pili lenye picha ya twiga. Nikadaiwa shilingi 600. Nikaumwa malaria, siku nne sijatokea sokoni. Siku ya tano asubuhi nasikia hodi, ni yeye, kaja na daftari kwapani. Hakuwahi kuja kwangu, kaulizia kwa watu "yule mama wa Tabora anayechagua dagaa mojamoja anakaa wapi". Kaniona nilivyo, kaweka daftari juu ya meza, kaingia jikoni kwangu kama kwake, kapika uji, kanikalisha, kanitazama nikinywa hadi chini. Akafagia. Wakati anatoka nikamwambia mama asante sana, akanijibu "haya, ila mia sita yangu ipo palepale". Nililia alipoondoka, na sio homa.

Kwaiyo ukiniuliza muda gani, mi nakuuliza unadaiwa na nani huko? Najua nyie wafanyakazi, mshahara ukitoka Jumamosi unapanda hiace mpaka mjini unanunua kila kitu cha mwezi, unajifungia. Huna deni kwa mtu na mtu hana deni kwako, sasa usipoonekana siku tano nani atakutafuta? Acha hiyo tabia. Nunua nyanya za mia tano tano kwa jirani. Sahau chumvi makusudi, uende kuomba. Akija na yeye kuomba sukari usimpe kwa kupima.

Na hilo la kwenu wapi usiliumie. Watu wa huku hawaulizi ili wakufukuze, mtu akiishi peke yake wanataka kujua likitokea la kutokea habari ipelekwe upande gani. Ukishawatajia Tanga, na jina la mama yako, hawaulizi tena, wataanza kuuliza mama mzima?

Mawese: unayachoma, ndo maana mapazia yananuka. Usisubiri moshi. Weka moto wa kiasi, yatatoa povu, povu likipungua na ile rangi ikianza kutulia weka kitunguu hapohapo, kitunguu ndo kinamaliza ile harufu. Anza na maharage. Mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, utakuja wenyewe, siku ukila mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo kwa mkono ukalamba vidole bila kuangalia nani anaona, niandikie.

*Shangazi za masiku. Mi kijana wa Gungu, Kigoma, niko Dar mwaka wa 11 sasa, biashara ya spea. Nyumbani natuma hela kila mwezi sijawahi kuruka. Lakini kila nikienda naona nimekuwa mgeni kwetu. Mama ananitolea sahani za kabatini, zile za maua, wengine wanakulia kwenye sinia. Naandaliwa chumba, mdogo wangu anahamishwa akalale sebuleni. Dada anabisha hodi. Nikisema nioshe vyombo wanapiga kelele. Mwaka 2024 nilienda mwezi wa 6, ziwa lilikuwa limefungwa watu wasivue, hakuna dagaa wabichi, mwalo wa Kibirizi kimya, maji yamepanda yamekula sehemu tuliyokuwa tunacheza mpira. Nilikaa siku tatu nikarudi. Nimejiuliza hivi kwetu bado ni kwetu au ndo pameisha?*

Za masiku ni nzuri baba, hizo sahani za maua nimezicheka sana maana na mi ninazo, seti ya sita imebaki nne, na ndugu yangu akitolewa hizo ajue kuna jambo.

Kwanza la ziwa. Usihesabu nyumbani kwa mwaka ule, mwaka ule kila mtu alikuwa mgeni Kigoma. Serikali ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka katikati ya Agosti, miezi 3 samaki wapumzike wazaliane, na mi sikatai walikuwa na sababu zao, samaki walikuwa wamepungua kweli. Ila we fikiria mji ambao usiku ukitazama majini unaona taa za wavuvi, sasa giza tupu, sio giza la mbalamwezi ambalo tunajua wavuvi wamepumzika wanashona nyavu, ni giza la mwezi hadi mwezi. Wamama wanaoanika dagaa wamekaa vibarazani mikono mitupu wanasukana. Mi mwenyewe nilipita Kibirizi nikaona kama nimekosea njia. Kwaiyo hapo ulifika na watu wengine wote wakiwa wamepotelewa, we ukadhani ni wewe tu.

La sahani ni kubwa zaidi na ntakwambia ukweli hata kama utanuna. Sahani za maua umejipa mwenyewe. Miaka 11 unatuma hela, Mungu akubariki, lakini hela yako inafika kwa simu na we unafika kwa ndege unakaa siku tatu, na hizo siku tatu umekaa kwenye kochi na simu. Mama yako atakutoleaje sinia? Sinia ni la watu wanaogombania mnofu. Mtu anayemlisha mwaka mzima, mama hawezi kumwambia sogea.

Safari ijayo fanya hivi. Panda treni, karibu siku mbili najua, lakini ukishapita Kaliua watu wameanza kuongea kama nyumbani na ukifika Uvinza umeshanunua chumvi ya zawadi, umechafuka vumbi, unashuka Kigoma unanuka safari kama mtu na sio kama mgeni rasmi. Usiseme siku unayofika. Ukikuta wanakula kaa chini pale kwenye mkeka ingiza mkono. Na usiombe kuosha vyombo, hilo la vyombo ni maigizo, mama yako anajua hujaosha chombo tangu uzaliwe. Tafuta kitu kilichoharibika. Kwenye kila nyumba Gungu hapakosi mlango wa choo uliolegea bawaba. Utengeneze, utengeneze vibaya, ili akuseme. Akishakuambia "hebu toka hapo unaharibu" jua sahani imeanza kurudi kabatini.

Ukikaa wiki mbili mdogo wako atadai chumba chake. Mpe.

*Shangazi, tuna kiwanja Ipuli Tabora na mke wangu anataka tujenge kwao Kigoma maeneo ya Mlole. Yeye hataki joto la Tabora la mwezi wa 10 na mimi sitaki milima, magoti yangu mabovu. Tujenge wapi?*

Mnaishi wapi sasa hivi? Hujasema, na mi nahisi mnaishi kwenye nyumba ya kupanga sehemu ya tatu kabisa. Jenga pale ambapo watoto wanasoma. Hayo magoti mpeleke kwa daktari sio kwa fundi.

*Shangazi shikamoo. Nimezaliwa Ulyankulu mwaka 1983. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakaletwa huku ikiwa pori tupu, baba alikuwa anasema walilala na fisi wakisikilizana. Tulikua tunaambiwa tutarudi. Alafu ikaja habari ya uraia, alafu tukaambiwa tutahamishwa tutawanywe mikoani, miaka ile baba aliacha kupanda hata mti, anasema unapandaje mti utakaomwachia mtu. Tulikuwa na nyumba inavuja na hela ya bati ipo, haezeki. Mwishowe tukapewa karatasi za uraia na tukabaki hapahapa. Mwaka uliofuata baba alipanda miembe minne kwa siku moja, mzee wa miaka 70 na kitu, peke yake, hataki kusaidiwa. Amefariki kabla haijazaa. Sasa mtoto wangu yuko darasa la tano, kaja na kazi ya nyumbani, aandike kijiji chao cha asili na mila zake. Kaniuliza mama niandike wapi. Nikamwambia kamuulize bibi. Bibi yake akamtajia kilima cha huko Burundi, na mto, na jina la mti, kwa mpangilio kama anasoma. Mtoto akaniambia "lakini mama mi sijawahi kufika". Sijui nimwambie aandike nini. Na mama mwenyewe anaumwa, anasema tumrudishe, alafu siku nyingine anasema azikwe kwa mumewe chini ya miembe.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima, nimemsomea na mume wangu, akanyamaza akaenda kuwasha redio.

Ntaanza na la mtoto maana lina tarehe ya kukusanya. Aandike Ulyankulu. Na mila aandike alichoona, jinsi mnavyolima mahindi na tumbaku, mnavyozika, bibi anavyosalimia, nyimbo za kanisani kama mnaimba Kirundi aandike tunaimba Kirundi, hakuna aibu. Mwalimu akikataa, na sidhani atakataa, mwambie mtoto amuulize mwalimu Wanyamwezi wenyewe jina wamelitoa wapi. Watu wa pwani ndo walituita hivyo, watu wa mwezi, watu wa huko magharibi mwezi unakoandamia, sisi tulikuwa tunajiita kwa sehemu zetu. Jina la kuitwa na wageni na leo ndo asili yetu tunalipigia kifua. Na Tabora mjini hapo unapopaona, nani kapajenga kama sio watu waliokuja na misafara, Waarabu, Waswahili, Wamanyema, wapagazi waliochoka wakasema mi naishia hapa. Huku Ujiji ndo usiseme. Wamanyema wamevuka ziwa kutoka Kongo enzi hizo, wengine kwa miguu yao na wengine kamba shingoni, na leo nenda Ujiji umwambie mjukuu wao kwamba sio kwao uone utakavyotoka. Hakuna aliyewapigia kura. Wamezika, wameoa, wamegombania mipaka ya mashamba, ikawa kwao.

Watu waliopewa uraia kama nyie wakati ule wa 2014 walikuwa karibu 162,000, makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa pamoja. Nautaja huo wingi ili mtoto wako asidhani ni swali lake peke yake. Kuna madarasa mazima yanaandika hiyo insha.

Ila mi sisemi karatasi ndo ilimpa baba yako kwao. Baba yako alipata kwao siku ya miembe. Miaka yote ile ana shamba, ana watoto, ana miaka arobaini na kitu mahali pamoja, ila hawezi kupanda mti, we fikiria mateso ya mtu mkulima, anaangalia ardhi aliyofyeka mwenyewe na hawezi kuitazamia miaka kumi mbele. Alafu siku kaambiwa baki, hakwenda kunywa, hakupiga picha na karatasi, kachukua jembe. Na alikuwa anajua hatokula embe. Hiyo habari mtoto wako aiandike, kama ulivyonisimulia wewe, hata kama haijaulizwa.

Kuhusu mama sina jibu zuri. Usimsahihishe. Kile kilima chake akikitaja msikilizeni, mwambie mtoto aandike majina yale, mto na mti, kwenye daftari lake jingine, sio la shule. Mi mama yangu alikuwa Tabora siku zote na bado alipokuwa anakaribia kufa alikuwa anaulizia kisima cha kijijini kwao alikozaliwa, kisima ambacho kilishafukiwa zamani, na sisi tukawa tunamjibu kina maji. Mgonjwa kusema nirudisheni si lazima iwe nauli anaomba. Lakini umesema siku nyingine anataka kwa mumewe. Mi ningesikiliza hizo siku nyingine. Mkalishe chini ya hiyo miembe jioni, kama anaweza kukaa, na usiulize kitu. Miembe ya 2015 si imeshaanza kuzaa? Hukuniambia.

*Shangazi mimi ni mwanafunzi wa kidato cha 5, nimetoka Katonga, Kigoma, niko bweni Tabora. Kila kitu sawa ila usiku silali. Nyumbani tunalala tunasikia maji na injini za boti zikirudi alfajiri. Huku kimya alafu ghafla honi ya treni nashtuka nakaa. Wenzangu wananicheka. Nimekuja na dagaa kidogo kwenye tranka, nikifungua nikinusa nakuwa afadhali. Ni kawaida?*

Kawaida kabisa mwanangu, na we umeniletea kinyume cha kwangu, mi nilikuja Kigoma nikawa sipati usingizi kwa sababu ya hayo hayo maji yako na nikawa naitafuta hiyo hiyo honi yako inayokuamsha. Tabora ni njia panda ya reli, treni za Mwanza na za Kigoma zote zinapita hapo, reli imefika tangu 1912 kwaiyo sisi watoto wa Ng'ambo tumezaliwa tumeikuta inapiga honi na hatuamki. Ukisikia inayoelekea magharibi, hiyo inakwenda kwenu, reli yake inaishia Kigoma stesheni na ziwa liko palepale. Nilivyokuwa mdogo tulikuwa tunabashiri kitandani hii ya Mwanza au ya Kigoma, anayekosea anaamka kuchota maji. Jaribu na hao wanaokucheka.

Alafu hao dagaa watoe kwenye tranka. Nimesoma bweni, najua. Waanike juani Jumamosi, wafunge kwenye mfuko mgumu mara mbili, matron akipita asinuse, na usile peke yako usiku chini ya shuka maana kelele ya dagaa mkavu mdomoni inasikika kitanda cha nne.